Mizani ya Kikapu Iwe Mkononi mwa Msusi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wasusi katika mkutano wa tawi, Rufiji)



Sisi tuliosimama mbele yenu leo ni vijana wenu. Tumepita chuo cha ualimu, tumeshika chaki, na sasa chama kimetupa kazi ya kuzunguka matawini. Lakini hatukuja kuwafundisha kusuka. Mtoto hamfundishi mama yake kupika uji. Ukili tuliuona mikononi mwenu kabla hatujajua kusoma, na karo za wengi wetu zilitoka katika mikeka na vikapu vyenu. Tumekuja kwa jambo jingine. Tumekuja kusema juu ya nani apime kazi hiyo, na kwa kipimo gani.

Hebu tuanze na aibu yetu wenyewe, maana mwenye kuficha maradhi kifo humuumbua. Mwaka jana kamati ya tawi hili ilikusanya vikapu 40 kwa mnunuzi mmoja wa mjini. Tulivipokea jioni, tukavihesabu kwa taa, tukavifunga. Baada ya wiki mbili vikapu 17 vikarudi. Vingine vilikuwa na mikono iliyong'oka. Vingine rangi ilikuwa imechuja juu ya nguo za wateja. Vingine vilipowekwa mezani vililala upande kama mtu aliyechoka. Mnunuzi akasema: kwa kuwa siwezi kujua kipi kizima na kipi kibovu, hivyo 23 vilivyobaki nitavilipia bei ya chini.

Ndugu zangu, yuko bibi mmoja mzee katika kundi letu ambaye kikapu chake hakijapata kurudi tangu tumjue. Alipopewa fedha zake pungufu, alitutazama akauliza: "Wanangu, kosa langu mimi ni lipi?" Hatukuwa na jibu. Kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa letu sisi wa kamati, tuliochanganya kizuri na kibaya katika mzigo mmoja, na tena, tuseme kweli, tuliotanguliza vizuri juu na kuvizika vibovu chini tukidhani mjini hawana macho. Tulimdhulumu aliyefanya kazi vizuri ili kumsitiri aliyefanya kwa haraka. Basi hotuba hii ni jibu kwa bibi yule, limechelewa, lakini ndilo hili.

ANAYESHIKA MIZANI NDIYE MWENYE NENO

Wako wanaosema: "Kikapu ni kikapu tu. Haya maneno ya daraja la kwanza na la pili ni ya wanunuzi, wanataka kutupunja." Hofu hiyo tunaielewa, wala si ya kuchekwa. Mnyonge amepunjwa mara nyingi kwa jina la ubora. Lakini dawa yake si kukataa kupima. Dawa yake ni kupima wenyewe.

Tukumbuke wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa na kilio kimoja: mizani ya mnunuzi inawaibia. Hawakusema basi mizani ziondolewe duniani. Waliungana, akiwamo Paul Bomani miongoni mwa viongozi wao, wakaweka watu wao wa kuhakiki uzito, wakajenga vyama vya ushirika, na kufikia mwaka 1955 vyama hivyo vilikuwa vimekwisha kuunda shirikisho lao kubwa. Walianza na kidogo sana: mtu wao mwenyewe kusimama karibu na mizani na kusoma namba kwa sauti.

Na mkulima huyo wa pamba amefundishwa jambo la pili. Kabla ya kwenda kuuza huichambua pamba yake mwenyewe, safi mbali na fifi mbali. Hamwachii mnunuzi amchambulie. Maana ukimwachia mnunuzi kazi ya kuchambua, kila kitu kitakuwa fifi.

Sisi wasusi hatuna mizani wala hatuna uchambuzi. Mnunuzi anakuja, anashika kikapu kwa vidole viwili, anakunja uso, anasema "hiki hakifai," nasi hatujui kwa nini hakifai, wala yeye hajui. Bei inatoka katika uso wake. Huo ndio unyonge tunaotaka kuuvunja.

MASHINE HATUTAISHINDA KWA RAHISI

Tazameni jirani zetu. Akina mama wa Kenya, Wakamba na Wakikuyu na wengineo, wamesuka viondo tangu enzi za mababu, zamani kwa nyuzi za magome ya miti na baadaye kwa katani. Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo vikapendwa sana ng'ambo. Lakini viwanda vya Asia vikaona biashara, vikaiga sura ya kiondo kwa mashine na kwa nyuzi za kiwandani, vikauza kwa bei ndogo, na soko la mama yule likaporomoka. Fundisho ni hili: msusi akishindana na mashine kwa urahisi wa bei, atashindwa kila siku. Mashine hailali, haina mtoto wa kunyonyesha, haina mchango wa msiba. Ngome yetu ni moja tu: kazi ambayo mashine haiwezi kuifanya.

Tazameni na Rwanda. Agaseke, kile kikapu chao chenye mfuniko mrefu uliochongoka, kimewekwa hata katika nembo ya taifa lao. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wanawake waliopoteza waume na wanawake ambao waume zao walikuwa magerezani walikaa pamoja wakasuka. Mwaka 2005 duka kubwa la Marekani lilianza kuviuza vikapu vyao. Huruma peke yake isingefanya biashara hiyo idumu. Mtu hununua kikapu kimoja kwa huruma. Cha pili hununua kwa sababu cha kwanza hakikumwangusha.

Na soko la kwanza si Marekani. Soko la kwanza ni Kibiti, ni Ikwiriri, ni Dar es Salaam. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara, kama Rwanda ilivyofanya mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017. Siku ile mlango ulifunguliwa wazi kwa kikapu. Nani aliingia? Iliingia mifuko myepesi ya rangi rangi, inayofanana na kitambaa lakini nyuzi zake ni plastiki ile ile. Ilikuwa tayari, yote kipimo kimoja, kwa maelfu. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunabishana mikono ya kikapu iwe mirefu au mifupi.

KIPIMO CHETU KIWE HIKI

Kwa muda wa miezi mitatu tumekaa na wasusi hodari wa kata hii, tukawauliza: ninyi mkishika kikapu cha mwenzenu mnatazama nini? Tuliyoyasikia tumeyapanga kama walimu wapangavyo somo. Hayakutoka ofisini. Yametoka midomoni mwenu.

Jambo la kwanza ni malighafi. Kikapu kizuri huanzia mtini. Ukindu na miyaa ya kusukia ni majani machanga ambayo hayajachanua. Lililokomaa huwa gumu na huvunjika likikunjwa. Likikatwa, lianikwe juani mpaka liwe jeupe, na usiku liingizwe ndani. Likinyeshewa au kupigwa na umande huota madoa meusi ya ukungu, na doa hilo halitoki. Tazama pia chane: zichanwe kwa upana mmoja. Chane nene kando ya chane nyembamba ni kama ng'ombe na mbuzi kufungwa jembe moja. Na hapa tuseme na wakataji: anayekata majani yote machanga ya mkindu mmoja anaua mti. Kata moja, acha jingine likue. Mkindu ukiisha, hotuba hizi zitakuwa za bure.

Jambo la pili ni ukili. Uinue kuelekea jua. Ukiona mwanga unapenya katika matundu, ukili huo ni mlegevu, na ulegevu hauponi kwa kushonwa. Upime upana mwanzo, katikati na mwisho. Wengi wetu huanza asubuhi kwa mkono wa nguvu tukamaliza jioni kwa mkono wa usingizi, na ukili husema kweli yote. Tazama mahali chane zilipoungwa: maungio yasirundikane pamoja, na ncha zifichwe upande wa ndani na kukatwa vizuri zisichome mkono wa mtu.

Jambo la tatu ni ushonaji. Mishono iwe na nafasi sawa, na uzi ukazwe bila kuuvuta ukili ukajikunja. Tia vidole viwili kati ya mzunguko mmoja na mwingine, usukume. Vidole vikipita, mchele nao utapita.

Jambo la nne ni umbo. Weka kikapu juu ya meza au ubao ulionyooka. Kisimame chenyewe. Kibonyeze ubavuni, kisha kiachie. Kizuri hurudi mahali pake. Pima kimo chake pande nne kwa kijiti. Tumechonga vijiti vitatu, kikapu kidogo, cha kati na kikubwa, na kila kundi litapewa. Anayeagiza vikapu 20 vya kati apate ndugu 20 wa tumbo moja, si wapita njia 20.

Jambo la tano ni mikono na mdomo. Hapa ndipo vikapu vingi vilipotuaibisha. Mkono usishonwe ukingoni tu. Uteremke mpaka ukili wa tatu au wa nne, na bora upite chini ya kitako chote. Na mtihani wake hauhitaji elimu: kikapu cha kubebea kilo 10, kijaze mchanga kilo 15, kitundike juu ya boriti usiku kucha. Asubuhi tazama. Si lazima kila kikapu kifanyiwe hivyo. Chagua kimoja katika kila kumi, bila msusi kujua kitachaguliwa kipi.

Jambo la sita ni rangi. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, sugua mahali penye rangi iliyokolea. Kitambaa kikigeuka, kikapu hakijawa tayari. Mara nyingi kosa ni haraka: ukindu umetolewa katika maji ya rangi kabla haujachemka vya kutosha, au haukusuuzwa mpaka maji yakatoka meupe. Wazee wetu walijua mdaa kwa rangi nyeusi, gome la mkoko kwa wekundu, na manjano kwa umanjano. Hatusemi rangi za dukani zitupwe. Twasema ujuzi huo usizikwe pamoja na wazee, maana wako wanunuzi wanaouulizia, nasi tunababaika.

Jambo la saba ni kuhifadhi. Kikapu kisifungwe kikiwa na unyevu, wala kisitiwe ndani ya mfuko wa plastiki kikavuja jasho. Kazi ya siku nne huharibika kwa usiku mmoja wa ghala bovu.

NANI APIME, NA VIPI

Kipimo kizuri mikononi mwa mtu mwenye upendeleo ni fimbo. Kwa hiyo tunaleta pendekezo hili mbele ya mkutano. Kila kundi la wasusi lichague watu watatu wa kukagua, wawili wakiwa wasusi wenyewe, nao wabadilishwe kila baada ya miezi sita. Msusi asikague kazi yake, wala ya dada yake, wala ya mkwe wake. Vikapu viletwe mchana, si usiku. Kila kimoja kiwe na namba, jina libaki daftarini, ili mkaguzi aone kazi asione mtu.

Kiwe na madaraja matatu. La kwanza ni kile kilichopita yote saba. La pili ni chenye kasoro ya sura lakini nguvu kamili: hicho kitauzwa wazi wazi kwa bei yake, bila kufichwa chini ya vingine. La tatu kitarudi kwa mwenyewe kurekebishwa. Na hapa tuweke sheria: hakuna kikapu kitakachorudi bila sababu kuandikwa na kuelezwa. Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu anayepiga alama ya kosa bila kuonyesha kosa hajasahihisha, ameharibu karatasi tu. Aliyerudishiwa aketi na hodari wa kundi, aonyeshwe mkono kwa mkono. Wala asisimangwe hadharani. Tunataka vikapu virekebishwe, hatutaki mtu aache kuja.

Na jambo la mwisho katika hili: daraja bila bei ni maneno matupu. Anayesuka daraja la kwanza alipwe zaidi, siku ile ile. Akiona jirani yake wa haraka haraka analipwa sawa naye, mwezi ujao naye atafanya haraka, na atakuwa na haki.

TUHESABU JASHO LETU

Mtatuuliza: je, kazi hiyo yote italipa? Tupige hesabu pamoja, kwa mfano tu. Tuseme kikapu kimoja kinauzwa shilingi 9,000. Ukindu shilingi 2,000, rangi 1,000, sehemu ya nauli 1,000. Zimebaki 5,000. Msusi ametumia siku nne. Kila siku amepata shilingi 1,250. Wako mama zetu wengi ambao hawajapata kuipiga hesabu hii, na tulipoipiga nao, wawili walinyamaza muda mrefu. Sasa tuseme kwa sababu ya ubora kinauzwa 15,000 kwa gharama zile zile. Imebaki 11,000, yaani 2,750 kwa siku. Bado si utajiri, hatutawadanganya. Lakini ni zaidi ya mara mbili, kwa mikono ile ile na ukindu ule ule.

Tena tusimdanganye mtu kwamba ubora peke yake utaleta bei. Msusi mmoja mwenye kikapu kizuri bado ni mnyonge mbele ya mwenye gari na fedha. Wasusi 60 wenye vikapu vizuri, kipimo kimoja, daftari moja na neno moja, hao huulizwa, "mnauzaje?" Ubora bila umoja hupunjwa. Umoja bila ubora hurudishiwa mzigo. Tumekwisha kuonja hilo la pili.

Na chama nacho kina deni. Katika mkutano wetu mkubwa wa mwaka jana wajumbe walipewa makaratasi yao ndani ya mifuko ya kiwandani iliyotoka mbali. Nje ya ukumbi walikuwa wamekaa mama zetu na vikapu vyao. Hilo tulilifanya sisi, wanaharakati wa kujitegemea! Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno hilo tunalikariri, lakini kujitegemea huonekana katika kile mtu alichokishika mkononi. Tunapendekeza kuanzia leo kila shughuli ya tawi hili itumie vikapu vya kata hii, vikaguliwe kwa vijiti vile vile, na vilipwe taslimu. Mtu asije akadai "kuchangia chama" kwa jasho la mama msusi.

Ndugu wanachama, bibi yule tuliyemtaja mwanzo tulikwenda kwake wiki iliyopita. Tulimsomea mambo haya saba. Alisikiliza yote, akachukua kikapu kimoja cha kijana wa kamati, akakiinua juani, akasema, "Anzeni na hiki." Mwanga ulikuwa unapenya kila upande. Tulicheka, naye akacheka, kisha akakubali kuwa mkaguzi wa kwanza wa kundi lake.

Basi na ianze hivyo. Vijiti vya kupimia viko hapa mbele. Daftari liko hapa. Mkutano ukikubali, uchaguzi wa wakaguzi ufanyike leo kabla ya jua kutua, na mzigo ujao usitoke katika kata hii kabla haujapita mikononi mwao. Mnunuzi atakapokuja na kukunja uso, tumjibu kwa adabu: bwana, kikapu hiki tumekwisha kukipima sisi, na kasoro zake tunazijua kuliko wewe. Hii ndiyo daraja yake, na hii ndiyo bei yake.

Uhuru na Kazi.